Sura ya Tano: Watoto Ambao Chuo Hakikukuonyesha

Kila chuo cha ualimu kina mchezo wake wa kuigiza. Mwanachuo anasimama mbele na andalio la somo mkononi, wenzake arobaini wamekaa madawatini wakijifanya Kidato cha Pili, na mkufunzi yuko nyuma na fomu ya alama. Mada ni kanuni ya Ohm. Kidato cha Pili hiki cha kuazima kimesoma michepuo ya sayansi, PCM na PCB, mpaka Kidato cha Sita, kwa hiyo majibu yanamiminika, tena kwa Kiingereza kilichonyooka. Rafiki mmoja ananyoosha mkono na kuuliza swali walilolipanga bwenini usiku uliopita ili mwenzao ang'are. Hakuna aliyekuja na njaa. Hakuna asiyeuona ubao. Mkufunzi anaandika: zana zinafaa, sauti inasikika, muda umezingatiwa.

Mazoezi haya ya vipindi vifupi yalianzia Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1963. Huko mwanzo walimu wanagenzi walifundisha vikundi vidogo vya wanafunzi halisi wa sekondari. Mtindo ulipoenea duniani, watoto wakaachwa njiani, wakabaki wanachuo wakifundishana wenyewe kwa wenyewe, kwa sababu ni rahisi na hakuhitaji basi wala barua ya kibali. Faida yake ipo: unamtoa mgeni woga na kumzoesha kuandika ubaoni bila kulipa darasa mgongo kipindi kizima. Lakini aliyeandaliwa kwa igizo hili peke yake ni sawa na fundi cherehani aliyejifunza kukata nguo kwa kujipima mwenyewe. Mteja wa kwanza akiingia, hajui aanzie wapi.

Tumfuate mpaka kituoni kwake. Basi linamshusha kwenye shule ya kata, na mkuu wa shule anampokea kwa furaha iliyopitiliza, maana fizikia haijafundishwa tangu Machi. Anapewa mikondo yote miwili ya Kidato cha Kwanza, kisha anaongezewa hisabati ya Kidato cha Tatu kwa sababu, anaambiwa, hayo ni masomo ndugu. Darasani wamo watoto tisini na kitu. Binti mwenye ualbino yuko mstari wa tatu, anakunja uso kuutafuta ubao. Wavulana wawili waliotoka shule ya mchepuo wa Kiingereza mjini wanajibu maswali kabla hayajaisha. Yupo mtoto wa wafugaji wa Kidatoga ambaye Kiswahili chenyewe alikikuta shuleni. Yupo msichana aliyerudi baada ya kujifungua, jambo lililoruhusiwa rasmi tangu Novemba 2021, na masomo ya mwaka mzima yamempita. Yupo kijana ambaye sikio lake la kushoto halisikii na hajapata kumwambia mtu. Na pale dirishani yupo anayeuza maandazi stendi kabla ya kengele ya asubuhi. Kwenye chenji hakosei hata shilingi, ila kwenye testi ya sehemu alipata sifuri.

Chuoni mwalimu huyu alisoma kozi moja ya elimu jumuishi. Aliandika insha kuhusu aina za ulemavu, akapata B. Kozi hiyo ilikuja baada ya kumaliza kujifunza ufundishaji wa kawaida, kana kwamba kuna ufundishaji wa kawaida na kuna wa watu wengine. Mimi naona mpangilio huo ndio kosa la kwanza. Kumfundisha mtu hisabati ni kujua kwanza yeye anaifikiriaje hesabu iliyo mbele yake, na katika watoto tisini hakuna wawili wanaoifikiria sawasawa. Tofauti zao ndiyo malighafi ya kazi yenyewe. Mwalimu mgeni anatakiwa afundishwe kusikiliza hesabu ya mtoto, na hilo vyuo vyetu havilifundishi wala havilipimi.

Sehemu ya sababu ni haraka. Azimio la Musoma la 1974 lilipotaka watoto wote wa rika la shule wawe darasani ifikapo 1977, vijana waliomaliza darasa la saba waligeuzwa walimu wakiwa kazini. Sekondari za kata zilipoota kila kona katikati ya miaka ya 2000, waliomaliza Kidato cha Sita walipewa mafunzo ya wiki chache na kutawanywa. Wananchi wakawabatiza "voda fasta", jina la huduma ya kuongeza salio la simu. Mwaka 2014 ikaja stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi, hisabati na TEHAMA katika Chuo Kikuu cha Dodoma. Mwishoni mwa Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa programu hiyo waliambiwa warudi nyumbani baada ya wahadhiri kugoma kuwafundisha, na baadaye sehemu yao wakapangiwa vyuo vya ualimu. Siwabezi vijana wa nyakati hizo. Bila wao madarasa mengi yangekaa bila mtu. Ila kila tulipobanwa na haraka, kilichopunguzwa kilikuwa kilekile: muda wa mwalimu mgeni kukaa na watoto halisi huku mwalimu mzoefu akimtazama. Na kwa miaka mingi ufaulu wa Hisabati Kidato cha Nne umekuwa ukizunguka mtahiniwa mmoja kati ya watano. Ukikaribia mmoja kati ya wanne, tunapongezana.

Turudi kwa muuza maandazi, kwa sababu watoto wa aina yake wameshachunguzwa, ingawa si hapa. Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti walioufanya Recife, Brazil. Waliwaendea watoto wachuuzi kama wanunuzi wa kawaida, wakauliza bei ya hiki ukichukua vinne, bei ya kile ukichukua kumi. Kisha wakawapa watoto walewale hesabu zilezile kwenye karatasi, kwa mtindo wa shule. Kwenye biashara walipata karibu asilimia 98. Kwenye hesabu tupu za karatasini, kama asilimia 37.

Mmoja wao, wa miaka 12, aliulizwa nazi nne ni kiasi gani ikiwa moja ni 35. Alianzia kwenye 105, ambayo ni nazi tatu, akaongeza 30, akafika 135, akamalizia kwenye 140. Baadaye alipewa 35 mara 4 aandike. Akapata 200. Ukifuata kalamu yake utaona alivyofika huko: nne mara tano ni ishirini, andika sifuri, shika mbili, mbili na tatu ni tano, tano mara nne ni ishirini. Alijumlisha ile mbili ya kushika kabla ya kuzidisha, badala ya baada.

Mwalimu mwenye kalamu nyekundu huona mkasi tu. Mwalimu aliyeandaliwa vizuri huona kwamba jedwali la kuzidisha mtoto analijua, kwamba maana ya kuzidisha anaijua vizuri sana, na kwamba hatua moja ya utaratibu imegeuzwa. Kumrudisha akakariri jedwali, kama tunavyopenda kufanya, ni kumpotezea wiki nzima. Dawa yake ni kumuuliza nazi nne ni shilingi ngapi, kisha kuliweka jibu hilo kando ya lile la karatasini na kumwachia mwenyewe aone kwamba moja kati ya hayo mawili linadanganya.

Jicho la namna hii linafundishika. Nenda shule ya jirani, omba madaftari yaliyojaa, funika majina, yagawe kwa wanachuo. Humo watakuta mtoto aliyeandika 52 − 17 = 45, 83 − 26 = 63 na 70 − 34 = 44. Waulize: mtoto huyu akipewa 61 − 28 ataandika nini? Mwanachuo anayesema 33 amefanya hesabu. Anayesema 47 ameanza kuwa mwalimu, kwa kuwa ameona kwamba mtoto, kila safu, anatoa tarakimu ndogo kutoka kubwa bila kujali ipi iko juu. Mikasi mitatu, kosa moja. Mwaka 1986 Lee Shulman wa Marekani alilipa jambo hili mahali pake katika elimu ya ualimu aliposema kwamba kuna maarifa ya somo, kuna maarifa ya kufundisha kwa ujumla, na katikati yake kuna maarifa ya kulifundisha somo hilohilo: makosa gani huja mara nyingi, mifano ipi hufungua, ipi hupoteza. Vyuo vyetu vinafundisha sana pande mbili za mwanzo na kudhani kwamba hiyo ya katikati itajileta yenyewe.

Kwenye sayansi tunao mfano wetu, tena wa nyumbani, na nashangaa kwamba hautumiki zaidi. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa Kidato cha Tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unayaingiza kwenye friza. Nafasi ilikuwa ya kugombea. Mwenzake mmoja akaweka maziwa bila kuyachemsha. Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, akaweka ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado uji.

Alimuuliza mwalimu wa fizikia. Mwalimu akamwambia amechanganya mambo, haliwezekani hilo. Baadaye rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga mjini akamwambia kwamba yeye huanza na mchanganyiko wa moto makusudi, kwa kuwa huganda upesi. Alipoingia Shule ya Sekondari ya Mkwawa, Iringa, na mada ya Newton ya kupoa kwa vitu ikafika, akauliza tena. Safari hii aliambiwa kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia nzima, na tangu siku hiyo kila alipokosea darasa lilimtania kwa maneno hayo. Siku moja akaikuta maabara ya biolojia iko wazi. Akajaza bika mbili, moja maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye friji. Ya moto ikawa na barafu nyingi zaidi.

Kisha akaja mgeni kutoa mhadhara, Dakta Denis Osborne kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akauliza, wenzake wakacheka. Osborne hakuwa na jibu, lakini alilichukua swali. Aliporudi Dar es Salaam alimwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, ila angeendelea kurudia jaribio mpaka apate jibu sahihi! Mwaka 1969 mwanafunzi na mhadhiri walichapisha makala yao katika jarida la Physics Education, na jina la Mpemba likaingia katika vitabu vya fizikia. Wanasayansi bado wanabishana kama jambo lenyewe hutokea kila mara, katika hali gani, na kwa sababu gani.

Walimu wa Mpemba hawakuwa wajinga. Kanuni za kupoa walizijua kuliko yeye. Walichokosa ni mazoea ya kusema: "Ulifanyaje? Hebu tuonyeshe." Na tazama maarifa yalikotoka: kwa mvulana aliyegombea nafasi ya friza na kwa muuza aiskrimu wa Tanga. Mkwawa hiyohiyo, tangu 2005, ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, na walimu wa sayansi wanaandaliwa humo. Ningekuwa na sauti pale, kila mwanachuo wa mwaka wa kwanza angeisoma makala ile kwa ajili ya wale walimu wawili, fizikia ingefuata baadaye.

Kusikiliza kunahitaji kwanza kunyamaza, na mwalimu mgeni huogopa ukimya kuliko anavyomwogopa mkaguzi. Mtafiti Mary Budd Rowe alipima vipindi vya sayansi Marekani miaka ya 1970 akakuta kwamba baada ya kuuliza swali walimu husubiri kama sekunde moja tu, kisha hujijibu au humrukia mwingine. Walipozoeshwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yakawa marefu na watoto waliokuwa kimya wakaanza kusema. Huko watoto wengi waliulizwa kwa lugha ya nyumbani. Mtoto wetu wa Kidatoga anasikia kwa Kiingereza, anapitia Kiswahili, anafikiri kwa lugha ya mama, kisha anarudi njia nzima. Sekunde tatu kwake ni chache. Katika mazoezi ya chuoni mwanachuo mmoja apewe saa na kazi moja tu: kupima ukimya wa mwenzake. Wengi watashtuka.

Yapo pia maficho ambayo kila aliyepita BTP, yale mazoezi ya kufundisha shuleni, anayajua. Siku ya kukaguliwa, watoto huambiwa mapema: mwenye jibu anyooshe mkono wa kulia, asiye na jibu anyooshe wa kushoto. Mkaguzi anaona msitu wa mikono na kuandika kwamba ushiriki ni mzuri sana. Tunacheka, lakini mwanachuo amejibu mtihani tuliomtungia. Tulimpima mikono, akatuletea mikono. Kuna njia ya bei ndogo ya kuona vichwa badala yake: vipande vya kadibodi vilivyopakwa rangi nyeusi, kila mtoto na kipande chake cha chaki. Swali linatolewa, kila mmoja anaandika, wote wanainua kwa pamoja. Katika darasa la tisini mwalimu anaona kwa mtupo mmoja wa jicho kwamba nusu wameandika 2/5 kwenye ½ + ⅓, na kwamba kipindi cha kesho hakiwezi kuwa kile kilichoandikwa kwenye azimio la kazi.

Lugha nimeigusa, na nairudia kwa kuwa hapa ndipo tunapopoteza watoto wengi kwa mkupuo. Anayemaliza shule ya msingi ya serikali anajua namba tasa, anajua kutafuta KDS, anajua kwamba usanisinuru unahitaji mwanga. Januari anaingia sekondari na kila alichokijua kimebadilishwa jina. Mwalimu mgeni anaona macho matupu na kuhitimisha kwamba msingi wao ni mbovu. Kumbe msingi upo, umefungiwa chumba kingine. Sera ya Elimu ya 2014 ilifungua mlango wa kutumia Kiswahili katika ngazi zote, lakini mtihani wa Kidato cha Nne umeendelea kuwa wa Kiingereza, na mwalimu hawezi kusubiri wakubwa wamalize mjadala. Walimu wengi wazoefu huchanganya lugha kila siku, kwa siri kidogo, kama watu wanaovunja sheria. Chuo kingewatoa katika siri hiyo na kuwafundisha kuchanganya kwa mpango: swali linatolewa, vikundi vinabishana kwa lugha wanayoiweza, maneno ya Kiingereza yanayohitajika yameshabandikwa ukutani kwenye karatasi ya manila sambamba na ya Kiswahili, kisha msemaji wa kikundi anatoa hoja kwa Kiingereza huku vianzio vya sentensi viko ubaoni mbele yake. Shule inayomvalisha mtoto kibao shingoni kwa kosa la kusema Kiswahili wakati anabishana juu ya msuguano inapaswa kuona haya.

Maabara nako. Agizo la Rais Kikwete la kila sekondari ya kata kujenga maabara tatu liliacha majengo mengi yamesimama kufikia 2015, mengine yakakaa muda mrefu bila gesi, bila maji na bila fundi. Hata pale vifaa vilipo, simama nyuma uangalie kikundi kimoja kwenye jaribio la pendulamu. Mvulana mmoja anaachia kitufe, mwingine ameshika stopwochi, watatu wanahesabu kwa sauti. Msichana mwenye mwandiko mzuri anaandika namba. Kipindi kijacho, kikundi kingine, yeye ndiye mwandishi tena. Baada ya miaka minne ameandika majaribio yote na hajashika kifaa, halafu tunafanya semina ya kwa nini wasichana wanaogopa fizikia. Dawa haina gharama. Jaribio lina urefu wa uzi mara tano: sentimita 20, 40, 60, 80, 100. Kila urefu unapobadilika, kazi zinahama mtu mmoja kwenda kulia. Mwanachuo aliyewahi kuliona hili kwa macho yake hawezi tena kulisahau. Aliyelisoma kwenye kozi ya jinsia huandika aya nzuri na kurudi kumpa msichana kalamu.

Na yule binti wa mstari wa tatu. Watu wengi wenye ualbino wana uoni hafifu na macho yanayoumizwa na mwanga mkali. Mwalimu mgeni, kwa nia njema, humhamishia mbele karibu na dirisha, na hapo anamwongezea mateso. Anachohitaji ni kukaa mbele mbali na dirisha, kuruhusiwa kofia hata darasani, kuruhusiwa kuinuka na kuukaribia ubao bila kuomba, na maandishi makubwa. Chaki nyekundu kwenye ubao mweusi mwalimu aisahau. Zaidi ya yote, anahitaji mwalimu anayesema anachokiandika. Wazoefu wa hisabati tuna ugonjwa wa kusema "hii ukiileta huku, ile inakufa na hii", kidole kikiruka ubaoni. Asiyeona vizuri hapati kitu. Ukisema "x jumlisha tatu ni sawa na saba, toa tatu pande zote mbili", binti anafuata. Kijana wa sikio moja naye anafuata, mradi umegeuka kuwatazama na hujaongea na ubao. Anafuata pia mtoto wa mstari wa mwisho katika darasa la tisini, ambaye macho yake ni mazima ila kutoka kule nyuma namba zote ni madoa.

Niseme neno la tahadhari kuhusu mtindo ulioingia vitabuni wa kuvalisha hesabu nguo za kienyeji. Kumbadilisha John mwenye matofaa kuwa Juma mwenye mbuzi hakumsaidii mtoto wa mfugaji, ambaye anajua kwamba hakuna mtu anayegawa mbuzi watatu na robo. Aliyeifanya kazi hii kwa heshima ni Paulus Gerdes, Mholanzi wa kuzaliwa aliyehamia Msumbiji baada ya uhuru wa 1975 na kuwaandaa walimu wa hisabati huko. Hakupamba maswali. Alikaa na wasusi, akauliza kwa nini ukindu unakunjwa hivi na si vile, akaonyesha kwamba kwenye kifungo cha kusuka cha kufungia kikapu kuna umbo ambalo mwanafunzi anaweza kulitumia kufika kwenye kanuni ya Pythagoras. Mwalimu anayepangiwa Pwani au Unguja ana watoto wanaosuka ukili na wanaocheza bao, lenye mashimo 32 na kete 64. Kabla ya kulitia bao kwenye andalio la somo, akae alicheze nao. Atafungwa, na wakati wa kufungwa huko atasikia watoto wakihesabu mbele hatua nyingi kwa kichwa, wale aliokuwa ameshawaandika kuwa wazito.

Wakenya walilianza mapema jambo moja ninalolipenda. Mwaka 1998, kwa msaada wa Japani, walianzisha SMASSE, mpango wa kuimarisha hisabati na sayansi sekondari, uliozaa kituo cha CEMASTEA kilichopo Karen, Nairobi. Kiini chake ni kazi ya pamoja: walimu wanapanga somo pamoja, mmoja anafundisha, wengine wanatazama wanafunzi, kisha wanakaa kurekebisha. Sisi tuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, yenye wazo linalofanana, na pale mkuu wa shule anapolichukulia kwa uzito linafanya kazi. Kenya hiyohiyo ilitoa mshindi wa tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka 2019, Bruda Peter Tabichi, mwalimu wa hisabati na fizikia wa Keriko, kaunti ya Nakuru, aliyekuwa akitoa sehemu kubwa ya mshahara wake kwa wahitaji. Nampigia saluti. Lakini mfumo wa elimu unaosubiri watakatifu hautafika mbali, na kijana wa miaka 23 aliyepangiwa Kibondo hatakiwi kuwa mtakatifu ili afundishe vizuri sehemu na desimali. Anatakiwa awe ameshakutana na watoto kumi na wawili wanaozikosea kwa njia kumi na mbili, kabla hajakabidhiwa tisini.

Kwa hiyo ombi langu liwaendee wakufunzi wenzangu, kwa kuwa msimu wa BTP hauko mbali. Mkifika shuleni, msiketi nyuma na fomu. Ketini katikati ya watoto. Kipindi kikiisha, kabla ya kuongea na mwanachuo, chukueni madaftari matatu, moja la mbele, moja la katikati, moja la nyuma, muwaombe wenye madaftari wawaeleze walichofanya, kwa lugha wanayoitaka. Kisha mkamuulize mwanachuo: "Mwalimu, mtoto huyu alikuwa anafikiria nini?" Akiweza kujibu kwa mmoja kati ya watatu, mpeni alama zake na mmtie moyo. Asipoweza hata kwa mmoja, msimpe A, hata kama manila yake ilikuwa na rangi nne.